Nyota Nne za Mjomba

Jamani, kosa langu ni wema. Nilitengeneza kiprogramu cha kujumlisha uzito wa magunia ya korosho, nikakiweka mtandaoni bure, msimbo wazi, anayetaka achukue. Na hicho cha bure ndicho kinanitoa roho.

Mjomba wangu ni karani wa chama cha msingi huko Tandahimba. Kompyuta yake ina Windows 7, na Windows 7 inaishia toleo la 3.8 la Python, lugha niliyoandikia hicho kiprogramu. Ilipotoka 3.9, Oktoba 2020, mlango ukafungwa. Sasa utamu wangu mimi uko humo humo kwenye 3.9: unachukua kamusi mbili (kwenye Python kamusi ni orodha ya majina na thamani zake), ya mizigo ya jana na ya leo, unachomeka kistari cha wima (|) katikati, basi, zimeungana. Kistari kimoja! Mimi hapa Mikindani bado naziunganisha kwa kufunga mabano na kubandika nyota nne (** mbele ya kila kamusi), utadhani nashona magwanda ya jenerali.

Hiyo 3.8 wenyewe waliizika Oktoba 2024, hata matundu ya usalama hawazibi tena. Nimebaki mimi makaburini, napeleka uji.

Kila nikigusa kitu napima mara mbili, kwa toleo la walio hai na kwa toleo la mjomba. Bando linaisha, umeme nao unajikatia. Kuna mtu wa Ulaya alinitumia marekebisho mazuri, yamejaa vistari. Nikamjibu kwa adabu: asante, ila mjomba hayawezi. Akauliza, hiyo "mjomba" ni maktaba gani ya msimbo, mbona haioni?

Nilishamwambia, "Shikamoo mjomba, hiyo mashine tuibadilishe." Akasema, "Marahaba. Ina ubaya gani? Si inawaka?" Inawaka, ndiyo. Ukiiwasha asubuhi, adhuhuri unaiona picha.

Na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kujibizana naye. Nimtangazie kwamba nimeacha kuhudumia toleo lake, halafu yeye atangaze ameacha kuhudumia posa yangu? Nitabaki na kistari changu, kitanda kitupu.

Juzi kanipigia, furaha tele. Kapewa kompyuta ya pili na rafiki yake wa Newala. "Hii ngumu kweli kweli, mjomba wangu. Imeandikwa XP."

XP ni Windows ya zamani zaidi ya hiyo 7, inaishia Python 3.4. Huko hata zile nyota nne hazijazaliwa.