Mwalimu Akienda, Daftari Libaki

Siku Simba walipomchukua Juma Mgunda, kocha wetu wa Coastal Union ya Tanga, Septemba 2022, nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, Barabara ya 12. Redio ya muuza kahawa ilikuwa juu ya kasha la soda. Mtangazaji akaisoma habari ile, akaingia kwenye matangazo ya biashara, na kwa muda hakuna aliyenyanyua kikombe. Kisha mzee mmoja, mtu wa Coastal Union tangu ujana wake, akamwaga machicha ya kahawa chini, akasema: "Basi. Mgosi kaondoka kaya."

Kwa asiye wa Tanga, neno lile lina uzito wake. Coastal ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Timu iliyojipa jina la namna hiyo haiwezi kupokea kirahisi habari ya mtu kufunga mizigo. Na huyu aliyefunga mizigo si mgeni aliyeletwa kwa ndege. Aliichezea Coastal kabla hajaifundisha. Miezi miwili tu nyuma, Julai 2, alikuwa ametufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mshambuliaji wetu Abdul Suleiman "Sopu" akawafunga Yanga mabao matatu peke yake, tukatoka 3-3, tukafa kwenye penalti. Nilirudi Tanga sauti imekauka, na bado nilikuwa na furaha. Tangu ubingwa wa 1988 tumeishi kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa matokeo, na siku ile tulionja kitu kipya.

Kwa hiyo nilikasirika. Nilisema maneno kijiweni ambayo leo nisingeyarudia. Nilimwita mtu msaliti, na mechi mbili zilizofuata sikukanyaga Mkwakwani, uwanja wetu wa nyumbani.

Kilichonizindua ni swali la kijana mmoja pale pale kijiweni: "Mbona Sopu hukumwita msaliti?" Nikakosa jibu. Sopu naye alikuwa ameshakwenda Azam baada ya fainali ile, na sote tulimtakia heri. Tulijivunia hata, kijana wetu kapata timu yenye uwezo. Walioondoka ni wawili, kiangazi kimoja, wote wakifuata riziki kubwa zaidi. Mmoja tulimpa mkono, mwingine tukampa matusi. Tofauti yao ni nini?

Nimelitafuna swali hilo muda mrefu, na jibu ninaloliona ni kwamba Sopu aliondoka msimu ukiwa umekwisha. Dirisha la usajili lilikuwa wazi, kila mtu alikuwa ameshajiandaa moyoni, kuna wanaokwenda na kuna wanaokuja. Mwalimu alichukuliwa ligi ikiwa imeshaanza, wachezaji wakiwa wameshapangwa kwa hesabu zake yeye, wengine wamesajiliwa kwa sababu yeye ndiye aliyewataka. Kilichotuuma ni ule ubaridi wa kuamka asubuhi ukakuta kiti hakina mtu. Tamaa yake ya kusonga mbele haikuwa na kosa lolote.

Na hiyo tamaa nataka kuitetea kwa nguvu zote. Fikiria hali ya kocha mzawa katika nchi hii. Mlango wa Simba na Yanga unamfungukia lini? Haumfungukii mwezi Juni, klabu zinapokaa na wasifu wa makocha mezani, kwa sababu mezani pale wamo Wabrazili, Waajentina, Waserbia na Wafaransa. Unamfungukia nyumba inapowaka moto. Septemba ile Simba walikuwa wameachwa na kocha wao Zoran Maki, aliyekwenda Al Ittihad ya Alexandria, Misri, baada ya miezi michache tu, na walikuwa na safari ya Malawi kucheza na Nyasa Big Bullets kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Jiwe lilitupwa Misri, wimbi likafika Mkwakwani. Mgunda akaenda, akashinda 2-0 kulekule Malawi, akavuka pia mbele ya Primeiro de Agosto ya Angola, akaiingiza Simba hatua ya makundi. Januari 2023 akaletwa kocha Mbrazili, Robertinho, naye akasogea pembeni kuwa msaidizi. Aprili 2024 kocha Abdelhak Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa tena kwa huyohuyo: njoo, ushike kwa muda.

Sasa mtu wa namna hiyo angemjibu vipi aliyempigia Septemba? Angesema nisubirini mpaka Juni? Juni hakuna ambaye angekuwa anamsubiri. Sisi tuliotaka akatae tulikuwa tunamtaka alipe gharama ya uaminifu wetu kwa pesa yake na jina lake. Hilo sioni haya kulisema leo, hata kama kijiweni wapo watakaoninunia.

Hata hivyo ubaridi ule wa asubuhi ulikuwa wa kweli, na sitaki mtu aniambie eti mpira ni biashara, uzoee. Najua kuna namna ya kuondoka, kwa sababu niliiona kwa macho yangu.

Nilikuwa na miaka 15, nikicheza beki wa kulia kwenye timu ya mtaa, Makorora. Mwalimu wetu alikuwa fundi baiskeli. Hakuna aliyemlipa. Tulikuwa katikati ya mashindano ya mtaa alipopata nafasi ya kufundisha vijana wa timu kubwa zaidi, mji mwingine, kwa mshahara. Alikuja mazoezini jioni kama kawaida, begi la mipira begani, na nyuma yake akaja mtu tusiyemjua. Akatuketisha chini. Akatuambia anakwenda wapi, lini, na kwa nini, bila kuzunguka: "Nina watoto wanne, na hii ndiyo kazi niliyoiomba kwa Mungu." Kisha akatoa kwenye begi kaunta buku, lile la jalada gumu, kona zimelainika kwa mafuta ya cheni, akampa yule mgeni mbele yetu sote.

Baadaye mwalimu mpya alinionyesha ukurasa wangu. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake. Huyu hana viatu, anaazima namba 42, vinampwaya, kwa hiyo usimlaumu akiteleza. Huyu ana pumu, mtoe kabla hajaomba. Huyu Jumamosi ana madrasa mpaka saa tisa, usimpange kipindi cha kwanza. Kwangu mimi palikuwa na mstari mmoja: "Mguu wa kushoto mzito. Usimpigie kelele, akipigiwa kelele anapotea." Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwamba nikipigiwa kelele napotea. Yeye alikuwa ameona, akaandika, na alipoondoka hakuondoka nayo.

Mashindano tulitolewa nusu fainali. Sisemi daftari lilitupa kombe. Nasema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwita msaliti, wala siku ile, wala leo tukikutana watu wazima na vitambi vyetu. Alikuwa ameondoka katikati ya msimu, alikuwa amefuata mshahara, na bado tulijua kwamba alikuwa wetu.

Nikaja kuliona jambo kama hilo kwenye runinga, Novemba 2024, kocha Ruben Amorim alipotoka Sporting ya Ureno kwenda Manchester United. Ligi ilikuwa inaendelea, Sporting wakiongoza. Lakini habari ilipotangazwa hakupotea usiku huohuo. Alibaki hadi baada ya mechi ya Braga siku ya 10 mwezi ule, na katikati hapo akawafunga Manchester City 4-1 nyumbani, wachezaji wakambeba na kumrusha hewani. Klabu ikalipwa takribani euro milioni 11. Aliyemrithi hakumaliza hata miezi miwili, ikabidi atafutwe mwingine, na mwisho wa msimu Sporting wakachukua ubingwa. Waliomkasirikia wapo, najua. Lakini walipata jioni ya kukasirika naye uso kwa uso na kumshukuru papo hapo. Sisi Septemba ile tulipata taarifa ya redio.

Kwetu mambo yamezidi kwenda kasi. Februari 2025 kocha Sead Ramovic aliondoka Yanga kwenda CR Belouizdad ya Algeria, hana hata miezi mitatu Jangwani, makao ya Yanga. Yanga hawakulala, wakamchukua Miloud Hamdi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia Singida Black Stars. Singida nao wakabaki na David Ouma, yule Mkenya aliyetufikisha sisi Coastal nafasi ya nne msimu wa 2023/24 na kuturudisha mashindano ya Afrika, kisha tukaachana naye msimu uliofuata ukiwa mchanga kabisa. Fuata mnyororo huo kwa kidole. Klabu moja ya Algeria inahitaji kocha, na timu mbili za Ligi Kuu ya Tanzania zinabadilisha benchi la ufundi katikati ya msimu. Hamdi akatwaa ubingwa, akaenda zake Ismaily ya Misri.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Septemba ya 2025. Kocha Fadlu Davids, aliyeipeleka Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, akarudi Raja Casablanca ya Morocco, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, Simba wakiwa katikati ya mechi mbili na Gaborone United ya Botswana. Marafiki zangu wa Simba hapa Tanga waliumia kwelikweli. Mmoja alinipigia usiku, akasema, sasa najua mlivyojisikia mwaka ule. Nikampa pole kwa moyo mmoja. Haukupita muda, Simba wakatangaza kocha mpya: Dimitar Pantev, kocha wa Gaborone United. Timu waliyotoka kuitoa mashindanoni, ndiyo wakaichukulia na mwalimu wake.

Nilimfikiria shabiki wa Gaborone. Wiki moja kafungiwa mlango wa Afrika, wiki inayofuata kachukuliwa kocha. Naye ana kijiwe chake, naye ana mzee wake wa kumwaga machicha ya kahawa. Desemba hiyohiyo Pantev alikuwa ameshaondoka Simba.

Wapo wanaosema dawa ni kanuni. Italia na Uhispania kwa miaka mingi zilikuwa na utaratibu wa kumzuia kocha kufundisha timu mbili za ligi moja ndani ya msimu mmoja. Nami nilikuwa upande huo. Nilikuwa nasema, mchezaji ana dirisha, kwa nini kocha asiwe nalo? Nimeuacha msimamo huo, na sababu ni ileile ya mzawa. Kanuni hiyo ingemgusa kidogo sana kocha wa kigeni, anayekwenda Algeria au Morocco, kwa sababu kanuni zetu hazimfikii kule. Ingemfunga miguu mtu wa Tanga, wa Mbeya, wa Mwanza, ambaye nafasi yake pekee huja katikati ya msimu, kutoka klabu ya ligi hiihii.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho, lakini ninakitaka kwa dhati. Kocha akihama timu ya Ligi Kuu msimu ukiwa unaendelea, kuwe na siku za makabidhiano zilizoandikwa kwenye mkataba, walau wiki moja, na mechi moja ya mwisho nyumbani ikiwa ratiba inaruhusu. Klabu inayomchukua ilipe, na sehemu ya pesa hiyo iende timu ya vijana, tuione kwa viatu na mipira. Na wajibu huo uwe wa pande zote. Klabu inayomfukuza kocha imwache aingie chumba cha wachezaji awape mkono. Nimewahi kukaa karibu na mtu aliyefukuzwa kazi ya ukocha kwa simu, akiwa kwenye daladala, na vifaa vyake akaletewa nyumbani ndani ya mfuko wa salfeti. Klabu iliyofanya vile haina mdomo wa kudai uaminifu kwa atakayefuata.

Wachezaji ndio ninaowawazia zaidi katika haya yote. Sisi mashabiki tuna kahawa na makelele yetu, tutapoa. Kijana wa miaka 19 aliyeacha timu yake ya kwao kwa sababu kocha fulani alimwambia njoo, nitakutumia, huyo ndiye anayebaki uwanjani na mtu asiyejua jina lake wala mguu wake mzito ni upi.

Msimu uleule wa 2022/23 Simba walikuja Mkwakwani, Mgunda akiwa upande wao. Nilikuwa nimerudi jukwaani. Walitufunga. Filimbi ya mwisho ilipolia watu wakaanza kumiminika nje, nikamwona yule mzee wa Barabara ya 12 anashuka ngazi kinyume na watu, taratibu, ameshika ukuta, mpaka kwenye uzio wa chini. Nikajua anakwenda kutukana. Nikamfuata haraka nimzuie.

"Shikamoo, mzee. Twende, tumeshafungwa."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama benchi la wageni, kiganja juu ya macho kukinga jua.

"Namtafuta mgosi," akasema. "Hatukuagana."