Asiyeamini na sinia ya sikukuu: aingie hadi wapi?

Desemba ikifika katikati, tiketi za basi za kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huanza kuadimika. Wachagga wanapanda nyumbani. Ndani ya mabasi hayo wamo wasiokanyaga kanisani mwaka mzima, na wamo ambao hawaamini tena kabisa, ila mizigo yao haina tofauti na ya wenzao: kitenge cha mama, mfuko wa mchele, nguo mpya za watoto. Pwani nako, mwezi wa Ramadhani ukielekea ukingoni, kijana aliyeacha kuswali zamani anajua kwamba asubuhi ya Idi atatakiwa kwa bibi yake kama wajukuu wengine wote.

Je, aende? Swali hili linawagusa watu wengi kuliko tunavyokiri. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini. Tanzania hatuna hesabu ya namna hiyo, kwa sababu baada ya sensa ya 1967 swali la dini liliondolewa. Hata neno la kuwaita linatusumbua. "Mkanamungu" linabeba shutuma, na "mpagani" tumelizoea mpaka tunamwita hivyo hata Mkristo mvivu wa kwenda ibadani. Hapa nitasema asiyeamini, basi.

Hoja ya kukaa pembeni ina uzito, na wanaoidharau hawajaisikiliza vizuri. Anayesimama kanisani usiku wa mkesha wa Krismasi anahesabiwa kuwa yumo. Mama anapata matumaini kwamba mwanawe amerudi, na mwaka unaofuata anaanza kuuliza ndoa ya kanisani itakuwa lini. Ukimya wa Desemba unageuka kuwa ahadi ambayo mtu hakuitoa. Waumini nao wana lao: sikukuu ikijaa watu waliofuata nyama na soda, mfungaji aliyeshinda na njaa siku 29 au 30 anaona Idi yake imefanywa pikiniki. Malalamiko hayo ni ya haki. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo linalofanana na hili kwa upande wa pili, Mkristo aliyealikwa mezani kwa asiyeamini. Akawaambia wale wanachowekewa bila kuulizauliza, lakini mtu akiwaambia kwamba nyama hiyo imetolewa sadaka kwa miungu, waiache. Mpaka aliuweka pale chakula kinapogeuka kuwa tamko.

Mpaka huo naukubali, nao ndio unaonifanya niegemee upande wa kushiriki. Sikukuu moja imefungwa ndani yake mambo mengi, na ibada ni mojawapo tu. Tazama Krismasi ya Kilimanjaro. Ndizi za mbege, pombe ya jadi ya Wachagga, zinaivishwa, zinachemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kisha zinachujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi ulioota, pamoja na ukali wa magome ya msesewe. Kazi hiyo inataka mikono, na inaanza kabla wageni hawajafika. Mbuzi anachinjwa, makaburi ya wazee yanafyekewa, na ndugu waliotawanyika wanakaa kitako kwenye kihamba, shamba la ukoo, kuzungumzia mipaka ya shamba, ada za watoto wa marehemu na nani atamtunza bibi. Kikao hicho huwa Desemba kwa sababu ndio wakati ambapo wote wapo. Asiyeamini anayebaki mjini kwa kulinda msimamo wake hajakataa misa peke yake. Ameacha kiti chake wazi pale yanapoamuliwa mambo yatakayomfuata miaka kumi mbele.

Kwa hiyo aende. Kazi iliyobaki ni kujua kila tendo limebeba nini.

Tuanze na futari, kwa kuwa ndipo wageni wanapokosea zaidi. Fika robo saa kabla ya magharibi, ukiwa na tende, sukari au matunda mkononi. Adhana ikilia, mwenyeji anafungua kwa tende na maji, labda na uji kidogo, na wewe kula tende yako pamoja naye. Kisha wanaume wanainuka kwenda kuswali. Hapo mgeni anabaki peke yake mbele ya mihogo ya nazi, tambi na kaimati, na mkono unaanza kutembea. Usile. Futari yenyewe inaanza wakirudi, na aliyeshinda na njaa tangu alfajiri hastahili kukuta sinia imeshachimbwa. Kosa la pili ni kusema "hata mimi leo nimefunga". Saumu ya Ramadhani inataka imani, na kwa Mashafii, ambao ndio Wasunni wengi wa pwani yetu, inataka pia nia iwekwe kila usiku kabla ya alfajiri. Ukijinyima chakula kwa ajili ya kuwaunga mkono wenzako ni heshima nzuri, ila sema umeshinda na njaa. Usijipe jina la ibada ya mtu.

Zaka ya fitri nayo huleta utata ndani ya nyumba. Ni pishi moja ya chakula kikuu, takriban kilo mbili na nusu mpaka tatu za mchele au unga, kwa kila kichwa, na itoke kabla ya swala ya Idi. Baba anahesabu vichwa, anamfikia mwana asiyeamini, anasita. Mwana asilazimishe aingizwe kwenye hesabu, wala asigeuze pishi hiyo kuwa uwanja wa mabishano. Anunue mchele wake, aupeleke kwa jirani mwenye shida kama sadaka ya kawaida. Jirani atakula vilevile.

Idi ya kuchinja inataka uangalifu zaidi. Ng'ombe mmoja hutosha udh-hiya, yaani ibada ya kuchinja ya Idi hiyo, ya watu saba. Sasa, ikiwa mmoja kati ya saba anataka nyama tu, kwa Mashafii udh-hiya ya wenzake haiharibiki. Kwa Mahanafi, madhehebu ya Wasunni wengi wenye asili ya Kihindi hapa kwetu, inaharibika kwa wote saba. Asiyeamini anayechangia fungu kimyakimya anaweza kuwabatilishia ibada watu sita bila wao kujua. Aseme kabla fedha haijatoka mfukoni. Na kisu asikishike: mnyama aliyechinjwa na asiyeamini si halali kwa Mwislamu. Kushika miguu, kuchuna, kukata na kugawa nyama mitaani hakuna anayemzuia. Jambo la nani achinje si dogo katika nchi yetu. Mwaka 2013 huko Geita ugomvi wa kuchinja ulimwaga damu ya mtu. Familia nyingi za Kikristo humwita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale kwa amani, na asiyeamini mwenye sherehe yake afuate desturi hiyohiyo. Haimgharimu chochote.

Kanisani hatari iko mahali pamoja hasa. Kusimama watu wanaposimama na kuketi wanapoketi ni adabu ya mgeni, na nyimbo za Krismasi kila mtu ataamua mwenyewe kama koo lake linazikubali. Lakini "Nasadiki kwa Mungu mmoja" ni sentensi ya nafsi ya kwanza. Anayeitamka bila kuiamini anasema uongo mbele za watu, na kunyamaza hapo hakumwudhi mtu. Komunyo ni zaidi. Padri anainua hostia, anasema "Mwili wa Kristo", nawe unajibu "Amina" kisha unapokea. Amina hiyo ndiyo tamko lenyewe. Wanaojikuta mbele ya padri bila kukusudia huwa wamekaa katikati ya benchi: mstari unainuka, unawasukuma, nao wanaona haya kurudi nyuma. Dawa yake ni kukaa mwisho wa benchi au nyuma kabisa, kuwapisha wenzako, na kuketi tena. Ukishafika mbele, kunja mikono kifuani. Parokia nyingi zinaielewa ishara hiyo na padri atakubariki tu.

Shida kubwa ya Desemba, hata hivyo, hutokea nje ya misa ya Krismasi. Kwa kuwa ukoo wote upo, watoto wengi hubatizwa siku hizo, na mjomba mwenye kazi nzuri mjini huombwa awe msimamizi. Anaona ni heshima, anakubali. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki msimamizi wa ubatizo lazima awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, kwa kawaida wa miaka 16 au zaidi, anayeishi kwa kufuata imani hiyo. Mbele ya watu anaulizwa kama anamkataa shetani na kama anasadiki, naye anajibu kwa kinywa chake, tena anabeba dhamana ya kumlea mtoto katika imani. Hapa sioni nafasi ya kujikunja. Asiyeamini akatae, na akatae mapema, simu ya Novemba na si asubuhi ya ubatizo huku paroko akiulizia cheti cha kipaimara. Amwambie dada yake wazi: "Hilo siwezi kulisema mbele ya Mungu wenu, lakini mbuzi ni juu yangu, na ada ya darasa la kwanza ya mtoto pia." Kisha siku yenyewe afike mapema, abebe viti, amshike mtoto wakati mama anapanga chakula.