Hamieni toleo la 3, lakini kwa mkono

Kwa miaka mingi, karibu kila mfumo nilioujenga juu ya AWS, kompyuta za kukodi za Amazon, ulianza na mstari uleule wa JavaScript, unaoita SDK yake, yaani maktaba ya kuzungumza na huduma hizo: `const AWS = require('aws-sdk')`. Mstari mmoja, na Amazon nzima imeshaingia sebuleni. Unataka kuhifadhi picha kwenye S3, ghala la mafaili, unaletewa na DynamoDB ya hifadhidata, na SQS ya foleni za ujumbe, na mamia ya huduma nyingine ambazo hutazigusa mpaka unastaafu. Ni sawa na kwenda kwa Mangi kununua kiberiti, naye akakubebesha duka zima. Tulizoea, na mazoea yana taabu.

Toleo la 3 la SDK ya JavaScript lilitoka rasmi Desemba 2020. Liliandikwa upya kwa TypeScript, yaani JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, na kukatwa vipande: kila huduma ina kifurushi chake. Toleo la 2 likabaki kwenye matunzo tu kuanzia tarehe 8 Septemba 2024, na tarehe 8 Septemba 2025 likafika mwisho wa kuhudumiwa kabisa. Hata hivyo, hadi leo ninapoitwa kusaidia mfumo wa mtu hapa Dar, mara nyingi mstari wa kwanza ninaokutana nao ni uleule wa zamani. Nawaelewa. Toleo la 2 halikuzimika siku ile. Bado linapakuliwa, bado linaita S3, picha bado zinafika. Ila tundu la usalama likionekana humo kesho, hakuna anayeliziba, na ukimya huo ndio unaonitia hofu.

Wengine waliamshwa na Lambda, huduma ya AWS inayoendesha vipande vya msimbo (funkisheni) bila wewe kutunza seva. Mazingira ya Node.js 18, kiendeshaji cha JavaScript kwenye seva, yaliyofika huko Novemba 2022, yalikuja na toleo la 3 peke yake. Ukipandisha funkisheni yako kutoka 16, inaanguka pale pale kwa sababu `aws-sdk` haipo. Nimeona watu wakilitatua hilo kwa kulifungasha toleo la 2 ndani ya zip yao na kusonga mbele. Inafanya kazi, maana kikomo cha Lambda ni MB 250 baada ya kufunguliwa na nafasi ipo. Lakini huko ni kuahirisha deni.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kila anayelisifia toleo la 3 anasifia wepesi wake. Wepesi ni kweli, na nitaufikia. Kwangu mimi, faida kubwa zaidi ni kwamba linakulazimisha kutaja unachokitumia. Zamani uliandika `s3.getObject` na basi. Sasa unaagiza `S3Client` na `GetObjectCommand` kwa majina yao, halafu unaituma amri. Wengi wanalalamika kwamba ni maneno mengi. Mimi nayapenda maneno hayo. Fungua faili lolote, soma mistari mitano ya juu, na umeshajua funkisheni hii inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Kwenye mfumo wetu, madereva wa malori hupiga picha hati za mizigo na kuzituma kwa simu. Tulipokuwa tunahamisha funkisheni inayopokea picha hizo, tukaorodhesha amri zake: `PutObjectCommand`, `HeadObjectCommand`, na `PutCommand` ya DynamoDB. Tatu tu. Mwenzangu akafungua ruhusa za funkisheni hiyohiyo kwenye IAM, mfumo wa AWS wa kusema nani anaruhusiwa kufanya nini, tukakuta `s3:*`, yaani kila ruhusa ya S3. Yaani kipande cha programu ambacho kazi yake ni kupokea picha kilikuwa na uwezo wa kufuta ndoo nzima, yaani hifadhi yetu ya S3, yenye hati za miaka yote. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mtu aliweka nyota siku ya kwanza ili kazi iende, na hakuna kitu kwenye msimbo kilichomkumbusha kurudi. Majina ya amri yanakaribiana sana na majina ya ruhusa: `PutObjectCommand` inahitaji `s3:PutObject`. Si zote, kwa mfano `HeadObjectCommand` inataka `s3:GetObject`, na `ListObjectsV2Command` inataka `s3:ListBucket`. Hata hivyo, jioni moja ilitutosha kuzipunguza ruhusa za funkisheni zetu zote hadi zile zinazohitajika. Kazi hiyo tulikuwa tumeiahirisha kwa miaka.

Ndiyo maana nasema hamieni kwa mkono. Ipo zana rasmi ya kugeuza msimbo, `aws-sdk-js-codemod`, na si mbaya. Inakusaidia kuona kazi ina ukubwa gani. Lakini angalia inakuachia nini: inakupa `new S3` kutoka kifurushi kipya, yaani kiunganishi (client) chenye amri zote za S3 tumboni, ili mwito wako wa zamani ubaki ulivyo. Msimbo unasomeka kama zamani na unabeba mzigo kama zamani. Kwenye seva pengine hutaona tofauti. Kwenye kivinjari utaiona, kwa sababu zana ya kufungasha haiwezi kupogoa amri zilizoning'inizwa zote kwenye kitu kimoja. Madereva wetu wanafungua ukurasa ule wakiwa Tunduma, mtandao unapanda na kushuka, kwa bando walilolinunua wenyewe. Kila kilobaiti ninayowapelekea bila sababu wanailipia wao. Ukiandika `S3Client` na amri moja, dereva anapakua amri moja na mashine yake ya lazima, basi.

Kuna mitego mitatu ambayo zana haitakuonya vya kutosha.

Wa kwanza ni mwili wa faili. Toleo la 2 lilikupa bafa iliyokamilika, yaani faili zima kwenye kumbukumbu. La 3 linakupa mkondo, yaani data inayotiririka kidogo kidogo, na mkondo unasomwa mara moja tu. Tumia `transformToString` au `transformToByteArray`, kisha hifadhi matokeo kwenye kigezo kama utayahitaji tena. Huu unajitokeza mapema, hautakusumbua.

Wa pili ni orodha tupu. Ukiuliza S3 vilivyomo kwenye folda isiyo na kitu, zamani `Contents` ilirudi ikiwa orodha yenye sifuri. Sasa hairudi kabisa. Programu yetu ya usiku inayohesabu hati za siku ilipita majaribio yote, kwa sababu data yetu ya majaribio haikuwahi kuwa na siku isiyo na mzigo. Ikapita wiki nzima ikiwa hewani. Ikaja sikukuu ya Idi, malori yakapumzika, na saa sita usiku ikaanguka ikitafuta urefu wa kitu ambacho hakipo.

Wa tatu ndio mbaya, kwa sababu hauangushi chochote. Zamani ulilitambua kosa kwa `err.code`. Sasa jina lake liko kwenye `err.name`. Ukisahau kubadilisha, JavaScript haitalalamika: itakuambia tu kwamba `err.code` si sawa na ulichoandika, na itaendelea. Dereva wetu akibonyeza "tuma" mara mbili kwa sababu mtandao umekwama, DynamoDB inaikataa rekodi ya pili kwa `ConditionalCheckFailedException`, maana tumeweka sharti kwamba hati isiandikwe mara mbili. Msimbo wetu ulilinasa kosa hilo na kumwambia dereva, "Hati imeshapokelewa." Baada ya kuhama, haukulinasa tena. Ukamwambia, "Imeshindikana, jaribu tena." Akajaribu. Ikashindikana. Akajaribu tena. Saa nne usiku nikapigiwa simu: "Kaka, nimetuma mara kumi na moja, bando limeisha, na bosi anasema bila hati hanilipi." Hati yake ilikuwa imefika tangu jaribio la kwanza. Nilimwomba radhi, na asubuhi tukamrudishia gharama ya bando. Kosa lilikuwa letu: mabadiliko haya yameelezwa wazi kwenye mwongozo wa kuhama, nasi tuliusoma kwa haraka.

Tulivyolirekebisha kunarudi palepale pa kutaja. Badala ya kulinganisha maandishi, sasa tunaagiza `ConditionalCheckFailedException` yenyewe kutoka kwenye kifurushi na kuuliza kwa `instanceof` kama kosa ni la aina hiyo. Ukikosea herufi moja, TypeScript inakukatalia kabla msimbo haujatoka kwenye meza yako.

Najua jibu la wengi: timu yetu ni watu watatu, na hakuna mteja anayelipia kuhama. Ni kweli, hakuna anayelipia. Lakini majina ya vifurushi ni tofauti, kimoja ni `aws-sdk` na vingine vinaanza na `@aws-sdk/`, kwa hiyo matoleo yote mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana. Huhitaji kusimamisha kazi mwezi mzima. Hamisha funkisheni moja Jumatatu, iangalie siku mbili, kisha chukua inayofuata. Sisi tulianza na ile ndogo kuliko zote, inayotuma ujumbe kwenye foleni ya SQS, na tukaiacha ya DynamoDB mwisho kwa sababu `DocumentClient`, njia rahisi ya kuandika na kusoma DynamoDB, imehamia `@aws-sdk/lib-dynamodb` na ina tabia mpya: thamani isiyofafanuliwa inakataliwa kwa kosa mpaka uweke `removeUndefinedValues`. Niliiweka siku ya kwanza, kisha nikaiondoa sehemu mbili, kwa sababu kosa lile lilikuwa linanionyesha data mbovu ambayo toleo la 2 lilikuwa likiimeza kimya kimya.

Kwa wanaotumia ghala zinazoiga S3 badala ya S3 yenyewe: kuanzia 3.729.0, ya Januari 2025, SDK inaongeza namba za ukaguzi (checksum) za CRC32, za kuthibitisha faili halijaharibika njiani, kwenye kupakia bila kuulizwa, na baadhi ya ghala hizo hazikuzielewa. Weka `requestChecksumCalculation` kuwa `WHEN_REQUIRED` kabla hujaanza kuutafuta mchawi kwenye mtandao wako.

Na ukidhani umemaliza, andika `npm ls aws-sdk`, ikuonyeshe nani bado analivuta toleo la 2. Sisi tulikuwa tumeshaufuta mstari wa mwisho kwa mikono yetu, na bado amri ile ikatoa jina moja: maktaba ndogo ya kutuma barua pepe, iliyokuwa ikilivuta toleo la 2 zima nyuma yake. Tumemwandikia mtunzaji wake na kumtumia marekebisho. Wiki hii nasubiri ayapokee.