Ndugu aliye ughaibuni apewe habari nzima

Kuna tabia moja hapa kwetu Kigoma ambayo natamani tuiache. Ndugu akishavuka bahari, tunaanza kumchujia habari. Akipiga simu akiuliza nyumbani, jibu ni salama tu, wote wazima. Siku mbili baadaye anaandikiwa kwamba hela inahitajika.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mama yangu mdogo anaanika dagaa pale Katonga. Kipindi kile chanja zilikuwa wazi, kuku wanapita chini yake wakitafuta vichwa vya dagaa wa zamani. Binti yake aliyeko Norway akawa anaambiwa biashara inakwenda, tunamshukuru Mungu. Mtoto wa watu akaagiza dagaa, maana kuna mtu alikuwa anasafiri! Kwamba ziwa limefungwa alikuja kulisikia kwa mtu baki. Akapiga simu analia: "Mama, hata hilo la kunificha?"

Sababu tunazijua. Yuko peke yake, atawaza bure, hata akijua atafanya nini. Ni huruma, sikatai. Lakini mzee akiugua, akalazwa, mwanawe akiambiwa "baba kapumzika, piga kesho", kinachofuata huwa ni simu ya msiba. Na hapa kwetu, hasa Ujiji, maiti haikai. Atatafuta tiketi saa ngapi? Sauti ya baba yake ataisikia wapi tena? Nimeona hili kwenye nyumba zaidi ya moja, na kila mara linaniuma upya.

Tuwape habari nzima, hata zile ndogo. Nani kajifungua Mwanga, migebuka inauzwaje, mvua imeng'oa bati la nani, mbalamwezi imetoka kwa hiyo wavuvi wa dagaa wamelala nyumbani. Ujumbe wa sauti haumalizi bando. Mwache na bibi aongee, hata akirudia yale yale.

Wapo wanaosema ukimweleza shida atadhani unaomba. Basi mwambie waziwazi kwamba huombi, unampa habari za kwao. Mama mdogo sasa anafanya hivyo, na binti yake siku hizi akipiga anaanza kuuliza mwezi umefika wapi.