Sarafu za Riga Zilikuwa za Nani?

Wapo wanaosoma sarafu za kale kana kwamba ni hati za utii: ambaye jina lake limechorwa mbele ndiye mwenye mji. Kwa Riga, bandari ya Bahari ya Baltiki, usomaji huo haunitoshelezi. Mwaka 1581 mji huo, uliokuwa umejitawala kwa miaka 20, uliingia chini ya Stephen Báthory, mfalme wa Poland, lakini halmashauri yake ya Wajerumani ilifanya hivyo baada ya kujadiliana, na miongoni mwa haki ilizopata ni kufua sarafu. Katika shilingi ndogo za Riga, zilizofuliwa kwa fedha hafifu iliyochanganywa na shaba, upande mmoja ulikuwa wa mfalme, na wa pili ulitangaza kwa Kilatini kwamba hiyo ni shilingi ya mji wa Riga.

Mwaka 1621 Gustav Adolf wa Uswidi aliuteka mji. Ungetarajia sarafu mpya kabisa, lakini mpangilio ulibaki uleule. Hata mganda wa nafaka, nembo ya ukoo wa Vasa, haukuondoka, kwa kuwa mfalme wa Poland aliyeshindwa, Sigismund III, alikuwa binamu wa mshindi (vita vya ndugu havikosi urahisi wake kwa mchonga mihuri ya kufulia sarafu).

Anayedhani jina la mtawala lilitosha kumpa sarafu hana budi kueleza kwa nini, katika miaka ya 1640, taji la Uswidi, yaani utawala wa kifalme, lilianza kutoa humo humo Riga shilingi zake lenyewe, zenye jina la Livonia, jimbo lililouzunguka mji huo. Kwa maoni yangu jibu ni faida: tofauti kati ya gharama ya madini na thamani iliyotajwa ilikuwa ikiingia katika hazina ya mji, na taji lilitaka mapato yake.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka mbali, Suceava katika utawala wa kale wa Moldavia, mji ulio leo nchini Romania. Huko, katika miaka ya 1660, kiwanda cha mtawala Eustratie Dabija kilighushi kwa wingi shilingi za Riga zenye jina la Malkia Christina wa Uswidi, ambaye alikuwa ameacha kiti chake tangu 1654. Waghushi hawakujali nani anatawala Stockholm. Walijali kwamba kipande kile kilichozoeleka kingepokelewa sokoni bila maswali, na walioishia kukishika walikuwa wanunuzi wa mkate, wasio na mizani ya kukipimia.