Saini ya de Valera na kiapo alichokikataa

Tarehe 11 Agosti 1927 Éamon de Valera, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ireland, aliingia katika Bunge la Ireland mjini Dublin, akaisogeza Biblia kando, akamwambia karani kwamba haapi kiapo chochote, kisha akatia saini kitabu kilekile walichosaini wabunge wengine walioapa kuwa waaminifu kwa Mfalme wa Uingereza. Miaka mitano nyuma, kiapo hicho kilikuwa miongoni mwa sababu kuu zilizomfanya aukatae Mkataba wa Desemba 1921 kati ya Ireland na Uingereza, ambao Bunge la Ireland liliupitisha kwa kura 64 dhidi ya 57. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya walioukubali Mkataba na walioukataa vikafuata, na Michael Collins, kiongozi wa upande ulioukubali, akauawa akiwa na umri wa miaka 31.

Wanaomlaumu de Valera kwa kuukataa Mkataba wana hoja nzito. Yeye mwenyewe alibaki Dublin na kuwatuma Collins na Arthur Griffith wakajadiliane London. Collins aliutetea Mkataba akisema kuwa hauleti uhuru kamili, ila unafungua njia ya kuufikia, na de Valera aliposhika madaraka mwaka 1932 aliipita njia hiyohiyo: alikifuta kiapo mwaka 1933, na mwaka 1937 akaleta katiba mpya. Walioanguka mwaka 1922 walikufia nini, basi?

Watetezi wake hujibu kwamba mazingira yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1921 Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, alitishia vita, ilhali sheria ya mwaka 1931 iliyopitishwa Westminster, yaani katika Bunge la Uingereza, ilikuwa imezipa nchi kama Ireland uwezo wa kufuta sheria za Uingereza. Jibu hilo lina ukweli, ingawa walioipigania sheria hiyo ni pamoja na mawaziri wa W. T. Cosgrave, aliyeongoza serikali ya Ireland kabla ya de Valera, yaani upande ulioukubali Mkataba. Binafsi naona de Valera hawezi kukwepa lawama ya 1922, lakini saini ya 1927, hata kama aliiweka kwa kubanwa na muswada wa sheria uliowataka wagombea ubunge waahidi kuapa kiapo hicho, iliwatoa wafuasi wake wengi kwenye bunduki na kuwaleta kwenye sanduku la kura. Cosgrave naye, ambaye hasifiwi inavyostahili, aliwakabidhi serikali kwa amani watu aliopigana nao miaka kumi tu nyuma.

Sinn Féin, chama ambacho de Valera alikihama mwaka 1926 kwa sababu ya mvutano huohuo, kilikubali mwaka 1986 kukaa katika Bunge la Dublin. Wabunge wake wanaochaguliwa Ireland ya Kaskazini hadi leo hawakai katika Bunge la London, ambako mbunge hawezi kuketi kabla ya kuapa utii kwa Mfalme.