Mombasa ya Saa Sita Mchana Ichorwe kwa Makaa

Saa sita mchana Mombasa haina rangi. Najua wako watakaonibishia, lakini naomba kwanza wasimame Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, jua likiwa utosini, watazame ukuta uliopakwa chokaa. Weupe wake unaumiza macho. Mlango wa nakshi ulio upande wa pili, kazi ya mkono ya fundi aliyekufa zamani, umemezwa na kivuli hata huoni ua wala jani. Roshani imeukata ukuta vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, na mtu akitoka uchochoroni anakujia kwanza kama umbo tu, ndipo unapomtambua kuwa ni jirani yako.

Huo ndio mji ninaouchora. Ninachora kwa makaa, na pale panapodai rangi natia pasteli, vijiti vya unga wa rangi. Kila ninapoonyesha kazi zangu huulizwa swali lile lile: mbona Mombasa yako ni ya kijivu? Anayeuliza huwa ameshaizoea Mombasa ya maduka ya vikumbusho, yenye jahazi, mnazi ulioinama na jua jekundu linalozama baharini. Wanaochora picha hizo wanalisha watoto wao, na siwalaumu. Lakini jua letu halizami baharini. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza Bahari Hindi na kutua bara, huko nyuma ya Changamwe na Miritini. Yale machweo ya baharini ni ya pwani za wenzetu, na yamechorwa hapa mara nyingi hata wenyeji tumeanza kuyaona ni yetu. Ndiyo maana nasema rangi nyingi zimetuzuia kuuona mji wenyewe.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mimi niliangalia kwa jicho la mchoraji: ukuta ukizidi weupe, kivuli chake nacho kinazidi kukolea. Mji ulinisogelea.

Anayedhani nimeleta mtindo wa kigeni aende Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na mwaka 1698 ikaangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu 1696. Ndani yake imehifadhiwa michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani, meli na watu, kwa weusi wa makaa na udongo mwekundu. Basi. Ukisimama mbele yake hutamani buluu ya bahari wala kijani cha minazi. Meli inaonekana ni meli, nzito, ya mtu aliye mbali na kwao, na imepita zaidi ya miaka 300. Mimi sina mapenzi na walichokuja kukifanya hapa, lakini mkono uliochora nauelewa: ulichukua nyeusi moja na nyekundu moja, ukasema ulilotaka kusema.

Makaa ya kuchorea si yale ya kwenye gunia. Makaa ya kupikia hutokana na miti mizito, na kwenye karatasi hukwaruza badala ya kuandika. Ya kuchorea yanataka kijiti chepesi. Ulaya hutumia matawi ya mzabibu na ya mti wa jamii ya wilo. Mimi nachukua vijiti vikavu vya unene wa kalamu, navishindilia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, natoboa mfuniko tundu moja dogo la kutolea moshi, kisha mkebe unaingia motoni. Moshi ukikoma kutoka, mkebe unaondolewa na kuachwa upoe bila kufunguliwa, maana hewa ikiingia vijiti vikiwa bado vya moto vitageuka majivu. Ukivitoa ni vyeusi, vyepesi, vinalia vikigongana. Kijiti cha namna hii kinafutika kwa kidole, na hilo kwangu ni faida kubwa, kwa sababu kivuli cha barabarani hakikungoji. Ukianza kuchora saa nne, saa tano kivuli kimehama, na makaa yanakuruhusu kuhama nacho.

Kuna pia makaa ya dukani yaliyosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Hayo ni meusi kupindukia na hayafutiki kwa urahisi. Nayaweka mpaka mwisho, kwa sehemu chache ambazo nina hakika nazo.

Tofauti ya makaa haya mawili inaonekana vizuri zaidi kwenye buibui, vazi la wanawake. Mtu asiyekaa Mombasa hudhani buibui ni jeusi, akalijaza jeusi kutoka juu hadi chini, likawa shimo lenye miguu. Tazama mwanamke akitembea upepo wa kaskazi ukivuma: begani kitambaa kimepigwa na jua kikawa cha kijivu, karibu cha fedha, kwenye mkunjo wa kiwiko ni cheusi cha kweli, chini, karibu na pindo, vumbi la barabara limekifanya kiwe kahawia. Naanza kwa kijiti laini umbo zima, nalisugua kwa kipande cha leso, yaani kanga, kuukuu mpaka liwe kijivu cha moshi. Kisha nachukua raba laini ya kufinyanga, naitengeneza ncha, nanyanyua mwanga wa begani, yaani naondoa makaa mpaka karatasi ionekane. Mkunjo wa kiwiko peke yake ndio unaopata makaa yaliyoshindiliwa, mstari mmoja, na siurudii. Hapo mwanamke anaanza kutembea.

Sura simchori. Watu wengi wa Mji wa Kale hawapendi sura zao kuchorwa, na nyumba nyingi hazitundiki ukutani picha ya kiumbe chenye roho. Wako wanaoniambia msanii anayekubali mipaka hiyo ameshajifunga mikono. Siafikiani nao hata kidogo. Mtu unamjua kwa mwendo wake, kwa namna anavyoishika leso kidevuni, kwa jinsi anavyokaa barazani mguu mmoja ameukunja. Nani Kibokoni anamngoja mtu ageuke ndipo amwamkie? Anamwamkia kwa mgongo wake. Na ninayemchora karibu namwomba ruhusa kwanza; akikataa, nachora ukuta.

Sasa pasteli. Iliingia kwenye kazi zangu kwa sababu ya bi mkubwa mmoja aliyenikubalia nimchore akiwa barazani kwake. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, akagusa ukingo wa karatasi.

“Mwanangu, leso hii nimeinunua kwa rangi yake,” akasema. “Mbona wanitilia masizi?”

“Nitaitia rangi yake, bi mkubwa.”

“Itie. Na hilo jina lake uliandike lisomeke. Sikulichagua bure.”

Alikuwa na haki. Leso hainunuliwi kwa joto lake. Mwanamke hushuka Biashara Street akapekua doti kwa doti, akatazama pindo, akatazama mji wa katikati, akasoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, akafikiria ni nani atakayelisoma akiwa amejifunga. Rangi hapo ni uamuzi wake, na mimi sina ruhusa ya kuufuta. Tangu siku ile nimeshika kanuni: jua limetia nini, hilo nalichora kwa makaa, mtu amechagua nini, hilo nalitia pasteli. Ukuta, barabara, kivuli, paa la mabati, buibui, vyote makaa, isipokuwa mwanga wa ukuta, ambao natia pasteli nyeupe. Leso, kikombe cha buluu, kofia iliyodariziwa, maua ya asumini yaliyoshonwa kikuba, hivyo vinapata rangi. Anayetazama haambiwi lolote, lakini jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye kile ambacho mtu amekitaka.

Na pasteli inaufaa mji huu kwa sababu nyingine ninayoipenda sana. Kijiti cha pasteli ni unga wa rangi uliochanganywa na chaki na gundi kidogo mno. Chaki hiyo ni ile ile asili ya chokaa. Kuta za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa plasta ya chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu la kuni. Ikishakauka ukutani hurudi kuwa jiwe la aina ile ile. Kwa hiyo ninapotia mwanga wa ukuta kwa pasteli nyeupe, ninachopaka karatasini ni ndugu wa ule ukuta. Na makaa ni ndugu wa zile kuni. Rangi za akriliki ni plastiki; zina kazi zake na ni nzuri kwa ukuta wa shule, ila kwangu mimi hazina undugu na Ndia Kuu.

Kazi hizi zinataka subira ambayo hali ya hewa ya hapa haiisaidii. Pasteli ni vumbi, na feni ikizunguka vumbi linakwenda linakotaka. Kwa hiyo feni nazima, madirisha yanabaki wazi kidogo, na jasho linanitiririka mpaka viganjani. Chini ya mkono naweka karatasi safi ili jasho lisiguse mchoro. Makaa ya chini nayapulizia dawa ya kuyashikiza kabla sijatia pasteli. Pasteli yenyewe siipulizii, kwa sababu dawa huifanya iwe nzito na giza, na ule weupe wa chokaa unapotea. Wanafunzi wengi hutumia sprei ya nywele kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nawasihi waache, baada ya muda karatasi inageuka manjano. Halafu kuna kuvu. Unyevu wetu wa mwezi wa tano unaweza kutia madoa kazi nzuri ikiwa imetulia tu kabatini. Mchoro unataka fremu yenye kioo, na kati ya kioo na karatasi kuwe na ukingo wa kadibodi ili visigusane, na usitundikwe kwenye ukuta unaotoa chumvi.

Gharama ya fremu huwa kubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunirudisha nyuma. Mwenye hoteli atalipia kanvasi ya akriliki bila kubisha, lakini mchoro wa makaa wa ukubwa ule ule atauita matayarisho, aulize lini nitaumaliza. Mtazamo huu unaniuma, kwa ajili yangu na kwa ajili ya vijana wanaoanza. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alifanya sehemu kubwa ya kazi zake za uzeeni kwa pasteli, mara nyingi juu ya makaa, na hakuna anayezisubiri zimalizike. Hapa kwetu Kenya, Peterson Kamwathi amejijengea jina kwa michoro mikubwa ya makaa, watu wamesimama, wamekaa, wamepanga foleni, na mtu akiiona haulizi rangi iko wapi. Kijana wa Majengo au Kisauni ambaye hana pesa ya kununua seti ya rangi anaweza kuanza leo kwa mkebe, vijiti na karatasi. Tukiendelea kumwambia kuwa hiyo ni kazi isiyokamilika, tutakuwa tumemfungia mlango wa pekee ulio wazi kwake, na walimu wa sanaa mashuleni ndio wa kwanza ninaowaomba wabadilishe maneno yao.

Kwa sasa nashughulika na kivuko cha Likoni, saa kumi na moja jioni, watu wakishuka feri. William Kentridge wa Johannesburg anajulikana kwa kuchora kwa makaa, kufuta, na kuchora tena juu ya karatasi ile ile, na alama ya kilichofutwa inabaki. Njia hiyo naiona inafaa sana pale, kwa sababu umati wa Likoni haukai: unamchora mwenye mkokoteni, ameshapita, unamfuta, nyuma yake anakuja mama na beseni kichwani, na ukungu wa mkokoteni bado upo kwenye miguu yake. Shida yangu ni kanuni yangu mwenyewe. Kila mmoja katika umati ule amechagua kitu, shati, leso, mfuko, viatu vya mtoto, na nikivitia rangi vyote nitarudi kwenye picha za dukani. Rafiki yangu mmoja ananishauri nichague kimoja. Nimemuuliza kimoja cha nani, hajanijibu, na mpaka nipate jibu karatasi zote za Likoni zitabaki za makaa.